Mashine Namba Tisa na Vibuyu vya Mama Mkwe

Siku ya kwanza chuoni, mwalimu wa zamu aliniangalia kuanzia kandambili mpaka kilemba, akaniuliza, "Mama, mwanao anasoma mwaka wa ngapi?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwanangu alikuwa na miezi saba, na saa ile alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake kule Kasense. Nikamjibu mwalimu, "Mwanafunzi ni mimi. Mwaka wa kwanza. Nionyeshe darasa." Akacheka, akaniomba radhi, akanionyesha. Mimi sikucheka. Nilikaa na hasira ile mpaka saa nne, na kusema kweli nilikaa nayo miaka miwili yote. Wenzangu walisoma kwa maombi, wengine kwa chai ya rangi. Mimi nilisoma kwa hasira, na sijawahi kufurahi maishani kama nilivyofurahi miaka ile.

Nilimaliza kidato cha nne na cheti cha maana, siyo cha kufungia maandazi. Nikaolewa mapema kuliko nilivyopanga, na sababu yake ilikuwa inapiga mateke tumboni. Mume wangu ni fundi ujenzi. Kazi ilimpeleka Mpanda, akawa anakuja nyumbani kama mgeni, na mkate mkononi. Nikabaki Kasense na mama yake, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko nyumba. Nilipopata nafasi ya kusomea diploma ya TEHAMA kwenye chuo cha ufundi mjini, nilijua nikimwambia atakataa. Nikajiandaa kwa ugomvi. Maneno nilishayapanga, la kwanza mpaka la mwisho.

Nilimkuta anapepeta maharage. Hakuinua hata uso.

"Miaka mingapi?"

"Miwili, mama."

"Miwili naweza. Mtoto niachie. Lakini sikiliza, we mama mtoto, nimesema miwili. Wa tatu sina. Dada yangu wa kule kijijini Kate macho yanamwisha, nimemwahidi nitahamia kwake. Ukifeli, utarudia na mtoto wako mgongoni."

Ugomvi wangu wote ukakosa pa kwenda. Nikaenda nao chuoni.

Kutoka Kasense hadi chuoni nilitembea kwa miguu, asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba kama blanketi lisilotaka kuamka. Wakati wa masika udongo ulining'ang'ania kwenye nyayo mpaka nikafika mjini mrefu kuliko nilivyotoka nyumbani. Darasani nilikuta vijana waliomaliza shule juzi, vidole laini, simu kubwa. Waliniita Maza. "Maza, mambo?" "Maza, umetuletea mihogo?" Nikawajibu, "Nimewaletea fimbo." Ikawa ndiyo salamu yetu.

Saa nne kila siku maziwa yalinitoka. Mwili haujui ratiba ya chuo. Nakumbuka siku ya kwanza ya somo la mtandao, mwalimu kaniita mbele, nikahisi blauzi imelowa pande zote mbili. Nilitamani sakafu inimeze. Msichana mmoja wa Kisukuma, mtoto wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao miaka mingi, akavua sweta lake, akanirushia kutoka dawati la nyuma. "Vaa, Maza, baridi hii itakuua," akasema kwa sauti, kana kwamba suala lilikuwa baridi. Tangu siku ile tukawa mapacha. Yeye anacheka kwa sauti ya kuitia ng'ombe, mimi nanuna, kazi zinakwenda.

Kunyonyesha nilinyonyesha mchana, nje ya geti. Mama mkwe alimleta mtoto mwenyewe, tembea mpaka mjini, kwa sababu mlinzi alikuwa na wimbo mmoja tu: "Watoto hawaruhusiwi." Mvua ikinyesha, watoto hawaruhusiwi. Upepo ukivuma wa kung'oa bati, watoto hawaruhusiwi. Nilikaa kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, mtoto kifuani, daftari gotini, nikisoma habari za anwani za mtandao na kumtazama mlinzi yule kwa jicho ambalo lingetosha kuwasha jiko.

Lakini raha ilikuwepo, jamani. Kama siku tuliyofundishwa kubana kebo za mtandao: kila kebo ina nyuzi nane za rangi, nyembamba, unazinyoosha, unazipanga kwa mpangilio wake, unaziingiza kwenye kichwa cha plastiki, unabana. Wale vijana wa vidole laini walitoka jasho. Nyuzi zinawakimbia, rangi zinawachanganya. Mimi nimesuka vichwa vya watoto na vya shangazi zao tangu nina miaka tisa. Nyuzi nane ni nini mbele ya kichwa cha nywele ngumu kinacholia? Nilibana kebo yangu ya kwanza wao wakiwa bado wanamenya ganda. Nikachomeka upande huu, nikachomeka upande ule, kitaa cha kijani kikawaka. Kompyuta mbili zikaongea. Nilipiga vigelegele. Darasani. Mwalimu wa jirani akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

"Ya kebo," yule Msukuma akamjibu.

Mwaka wa pili tukaambiwa habari za mradi. Kila mmoja atengeneze mfumo wake, na mfumo uwe na mtumiaji wa kweli, mtu mwenye kichwa na miguu. Siku ya mtihani mtahini atatoka nje ya mkoa, atakuja mara moja tu, na mtumiaji atakaa mbele yake afanye mambo matatu kwenye mfumo bila kusaidiwa, si kwa neno wala kwa kidole. Asiyekuwa na mradi siku hiyo, atarudia mwaka.

Wenzangu wakakimbilia hoteli, maktaba na maduka ya dawa. Mimi nikasema nataka kutengeneza mfumo wa mbegu. Mama mkwe ana aina za mbegu ambazo hata bwana shamba hazijui: maharage ya njano, mekundu, meusi madogo, lile lenye doa kama jicho la kware, ulezi unaokunja ngumi na ulezi uliofumbua vidole. Kila moja ina udongo wake, wakati wake na masharti yake, na yote yamo kichwani mwa mwanamke mmoja anayetaka kuhamia Kate.

Mwalimu wa mradi akauliza, "Mtumiaji wako anajua kusoma?"

"Hajui."

"Basi tafuta mwingine."

Hapo ndipo akaniudhi. Angesema wazo ni baya, labda ningeacha. Nikamwambia, "Mwalimu, ukienda kwa mama mkwe wangu kutafuta mbegu, hakuulizi kama unajua kusoma." Akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Haya. Lakini usije ukanililia."

Sikulia. Nikatengeneza mfumo usio na herufi hata moja. Picha na sauti tu. Unabofya picha ya mbegu, unamsikia mama mkwe akieleza inapandwaje. Kuna kitufe chekundu: ukikibofya, unasema upya, na maneno mapya yanakaa mahali pa yale ya zamani. Kitufe kile alikiomba mwenyewe siku nilipokuwa namrekodi jikoni kwa simu.

"Maneno yangu yatakaa humo?"

"Yatakaa, mama."

"Na kama nimekosea?"

"Utasema tena."

"Niwekee mahali pa kusema tena. Mimi si Biblia."

Kompyuta nyumbani hatukuwa nayo. Nilikuwa nafanyia kazi chuoni, kwenye mashine namba tisa, iliyokuwa inawaka ukiipiga kofi ubavuni. Kumfundisha mama mkwe nilitumia makatoni ya biskuti. Nilichora kila ukurasa wa mfumo kwenye katoni lake. Yeye anagusa picha kwa kidole, mimi nageuza katoni na kucheza sauti kwenye simu, mtoto anajaribu kula katoni. Tulicheza mchezo ule wiki nyingi. Jirani aliyepita akatukuta, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu wa mradi alikuwa na neno moja la kutukera kila akiingia: "Nakala! Una nakala? Kazi isiyo na nakala siyo kazi." Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, siku chache kabla ya mtihani, nikanunua flashi Majengo, nyeusi, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Nikanakili kila kitu, nikaileta nyumbani, nikampa mama mkwe mkononi.

"Mama, mbegu zako zote ziko humu ndani. Picha, sauti, kila kitu. Hiki kikipotea, tumekwisha. Kiweke vizuri, huyu mtoto asikifikie."

Akakigeuza-geuza, akakinusa. "Zote?"

"Zote."

Akakifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda zake. Jumatatu akachukua mtoto, ambaye wakati huo alishaacha ziwa na alikuwa anatembea na kutukana, wakaenda Kate kumwona dada mtu. Wangerudi Jumatano. Mtihani Alhamisi. Kila kitu kimepangwa kama sare za kwaya.

Jumanne mchana radi ikapiga nguzo ya umeme ya chuo.

Mnaoishi kwetu mnajua radi zetu, sina haja ya kuzisifia. Tulikuwa tumejikunyata kwenye korido. Mwanga ukaja na kishindo pamoja, kisha ikaja harufu ya plastiki. Mvua ilipopungua tukaingia maabara. Mashine zote zimekufa. Namba tisa niliipiga kofi ubavuni. Nikapiga la pili. Nikapiga na teke.

Vijana wawili walikaa chini wakalia kama waliofiwa. Mkuu wa chuo akasema mtahini hawezi kuahirisha, keshaanza safari. Walimu wataleta kompyuta zao za mkononi, mwenye nakala atafanya mtihani, asiye na nakala atarudia mwaka. Mwalimu wa mradi hakurudia wimbo wake wa nakala. Alitutazama tu mmoja mmoja, na mimi nikamwangalia bila wasiwasi. Ninayo nakala. Maisha yangu yote sijawahi kuwa mbele ya darasa kiasi kile.

Nikaenda Kasense na yule rafiki yangu Msukuma. Yeye nakala yake alikuwa nayo mfukoni, anakuja kunishangilia tu. Tukatafuta kwenye kabati. Hakuna. Chini ya godoro hakuna. Kwenye kopo la chumvi, kwenye pipa la unga, kwenye nguo za mtoto, nyuma ya picha ya ukutani ya Bikira Maria, hakuna. Nikaanza kurusha vitu.

"Maza," rafiki yangu akasema taratibu, "labda kamemeza."

"Nani kamemeza?"

"Mtoto. Ng'ombe wetu mmoja alimeza betri ya tochi. Aliishi."

Nikakaa chini. Mtoto yule alishameza kifungo, sarafu na kipande cha sabuni. Na yuko Kate. Mimi niko Kasense, na kila akienda haja kule, ushahidi unapotea. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia mpaka nikakasirika, nikatoka kwenda kupiga simu kwenye kilima cha nyuma ya nyumba ambako mtandao unakubali. Mama mkwe hana simu. Nilipiga ya jirani wa dada yake, wakamwita, nikasubiri na upepo unanipiga makofi.

"Mama, shikamoo. Kile kitu cheusi kiko wapi?"

"Marahaba. Kipi?"

"Nilichokuambia mbegu zako ziko humu!"

"Aa, hicho. Kipo."

"Wapi?"

"Pamoja na mbegu. Kwani mbegu zinakaa—" Simu ikakatika. Chaji ya jirani ilikwisha, na haikurudi tena siku ile.

Nilishuka kilima nikiwa sijaelewa. Nilielewa nilipoingia jikoni na kuinua macho. Juu ya moto kuna uchaga, umekuwa mweusi kwa moshi wa miaka, na juu ya uchaga kuna vibuyu kumi na kimoja. Ndivyo mama mkwe anavyotunza mbegu, kama mama yake alivyotunza: mbegu kavu zinachanganywa na majivu, zinamiminwa kibuyuni, mdomo unazibwa kwa gunzi na udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe, kibuyu kinapanda juu ya moshi mpaka msimu. Moshi unafukuza wadudu, majivu yanafukuza unyevu. Na kwenye kila kizibo, udongo ukiwa mbichi, anabonyeza kidole gumba. Alama yake. Kibuyu hufunguliwa na mwenye kidole. Akifungua mwingine, mbegu zinaingia wadudu. Ndivyo wanavyoamini, na mimi naamini hivyo hivyo, diploma au hakuna diploma.

"Usiniambie," rafiki yangu akasema.

"Nakuambia."

Nikachukua kisu. Nikapanda juu ya kigoda. Vibuyu kumi na kimoja, vyote na gumba lake, vyote vinafanana, na kwenye kimoja kati ya hivyo mwaka wangu umezikwa kwenye majivu. Nilisimama pale nikiwa na hasira ya kuweza kuvunja vyote. Kisha nikashuka, nikarudisha kisu. Msinisifu. Haikuwa heshima peke yake. Nilihesabu: nikivunja kumi kabla sijafika kwenye kile chenyewe, akirudi atanikuta na maharage ya vizazi vitatu sakafuni, na Alhamisi nani atakaa mbele ya mtahini? Mtumiaji wangu ni yeye. Nikapika ugali. Tukala tukiviangalia.

Jumatano mama mkwe aliingia kabla ya saa sita, mtoto mgongoni, mguu mmoja mlangoni, na mimi nikaanza. Sijivunii. Kwetu mtu hampandishii mama mkwe sauti. Unapiga magoti, unapiga makofi mepesi, unasubiri akuitikie. Mimi nilimwamkia kwa kelele.

"Mama, umezika mtihani wangu kwenye kibuyu!"

Akamtua mtoto. Akafungua kanga. Akakaa.

"Nani kasema mbegu ziko humo? Mimi au wewe?"

"Mimi, lakini—"

"Nani kasema ziwekwe vizuri, mtoto asifikie?"

"Mimi."

"Mbegu zinawekwa wapi? Kwenye kabati? Kwenye kabati mtoto huyu anafika, juzi nimemtoa na mswaki wako mdomoni."

"Ungeniuliza, mama!"

"Na wewe ungeniambia ni kitu cha namna gani. Miaka miwili unaelezea watu wa mjini. Mimi umenipa makatoni."

Ilikuwa kweli, na ukweli ukitoka kwa mama mkwe huwa na mfupa. Nikapiga magoti. Nikapiga makofi. Akaniacha pale chini muda wa kutosha kuivisha yai, ndipo akaitikia.

Kisha akapanda kigoda, akagonga vibuyu kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja, akisikiliza. "Hiki," akasema, akakishusha. Akapasua kizibo, akamimina kwenye ungo. Majivu yalitoka kama moshi baridi, maharage mekundu yakafuata, na katikati yao, kwa unyenyekevu, flashi yangu. Kavu kabisa. Nikaipuliza, nikaipiga busu, nikakohoa majivu mpaka jioni.

Lilibaki tatizo moja. Makatoni alikuwa anagusa kwa kidole, lakini kompyuta ya mwalimu inataka kipanya, na mama mkwe hajawahi kukishika. Kompyuta hatuna. Nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikakiweka juu ya ungo uliogeuzwa, nikamwekea kiganja chake juu.

"Hiki kikienda, na mshale unakwenda. Ukifika kwenye picha, bonyeza kwa kidole hiki."

"Sabuni."

"Siyo sabuni, mama. Kipanya."

"Kinanuka sabuni."

Tukafanya mazoezi alasiri nzima. Mimi nilikuwa mshale: nilitembeza kidole changu juu ya makatoni, kule sabuni ilikoelekea. Rafiki yangu alikuwa anatoa sauti ya kubofya kwa ulimi. Mtoto alipata nafasi, akang'ata kipanya.

Alhamisi mama mkwe alivaa kitenge cha Pasaka. Mtoto hatukuwa na wa kumwachia, akapanda mgongoni. Getini mlinzi akainuka na wimbo wake.

"Mama, watoto hawaru—"

"Shikamoo yako iko wapi?"

Mlinzi akasimama wima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye mtumiaji. Wakubwa wananisubiri humo ndani. Wewe unataka niwaambie nimechelewa kwa ajili ya nani?"

Tukapita. Miaka miwili ya baraza la duka la vifaa vya ujenzi, na mwanamke yule alipita kwa maneno machache. Sikujua nikasirike au nipige vigelegele.

Mtahini alikuwa mwanaume mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu. Nilichomeka flashi. Ikakaa kimya. Nikaichomoa, nikafuta majivu kwa pindo la sketi, nikachomeka tena. Picha za mbegu zikajaa kwenye kioo kama ungo uliomwagwa. Nikarudi nyuma, mikono mgongoni, kama sheria inavyosema. Kuanzia hapo, mwaka wangu ulikuwa kwenye kiganja cha mwanamke aliyejifunza kipanya kwa sabuni.

"Mama," mtahini akasema, "nitafutie maharage mekundu."

Akanyoosha kidole, akagusa kioo, kama kwenye katoni. Kioo hakikujibu. Akagusa tena kwa nguvu. Nilikuwa naruhusiwa kupumua tu, na hata huko nilikuwa nimeacha.

Akainusa hewa. Akageuka, akakiona kipanya. "Aa, sabuni," akasema, akakifunika kwa kiganja. Mshale ukatembea, ukapita, ukarudi, ukasimama juu ya maharage mekundu. Akabofya. Sauti yake mwenyewe ikajaa chumba, na kuku wetu nyuma yake.

La kwanza.

"Sasa nataka kujua ulezi unapandwa lini."

Akasogeza, akabofya ulezi wa kukunja ngumi. Sauti ikaanza kueleza. Akasikiliza, kichwa kimeinama upande, kisha uso ukabadilika.

"Muongo huyo."

Mtahini akainua kalamu. "Nani, mama?"

"Huyu anayesema. Siyo hivyo. Nilisema hivyo kwa sababu ile siku nilikuwa na haraka, chungu kilikuwa kinachemka. Ukipanda wakati huo anaosema, ndege watakushukuru."

Walimu wakatazamana. Mwalimu wa mradi alianza kufuta miwani. Nami nilikuwa naomba kimya kimya, kwa hasira zote za miaka miwili: kitufe, mama, kitufe chekundu, kile ulichokiomba mwenyewe.

Mtahini akainama mbele. Jambo la tatu alikuwa nalo kwenye karatasi, nililiona, lakini akaliacha. "Sasa utafanyaje, mama?"

"Nitasema tena. Si ndiyo maana kipo?" Kiganja kikatembea. Mshale ukafika kwenye kitufe chekundu. Akabofya, akainua mkono wa pili hewani. "Nyamazeni nyote, narekebisha."

Chumba kizima kikanyamaza, na mkuu wa chuo naye. Mama mkwe akaeleza ulezi upya, taratibu, bila chungu kuchemka, akaeleza udongo, akaeleza ndege. Katikati mtoto akaamka mgongoni, akasema tusi lake moja analolijua vizuri, na tusi likaingia humo humo, liko mpaka leo. Alipomaliza akabofya tena, akaisikiliza sauti yake, akaitikia kwa kichwa. "Huyu ndiye mimi."

Mtahini aliandika kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Swali moja kwako. Maabara imeungua. Hii nakala uliihifadhi wapi?"

Nikatazama kalamu zake tatu. "Kwenye kibuyu. Ndani ya majivu. Juu ya moto."

"Nani alishauri hivyo?"

"Mtumiaji."

Akacheka mpaka kalamu moja ikamdondoka sikioni. Matokeo yalibandikwa wiki chache baadaye, na rafiki yangu Msukuma ndiye aliyeyaona kwanza, kwa sababu nilimsikia kutoka barabarani akiita ng'ombe wasiokuwepo. Tulikuwa tumepita, mimi na yeye, majina yamekaa karatasi moja.

Mama mkwe alihamia Kate baada ya mavuno, kama alivyosema. Vibuyu kumi alivifunga kwenye mkokoteni pamoja na vyungu vyake. Cha kumi na moja, cha maharage mekundu, alikibakiza jikoni.

"Lete ile," akaniambia, kiganja wazi.

Nilishanakili kazi sehemu nyingine tatu, sina wazimu. Lakini nikampa flashi. Akaichanganya na majivu na maharage, akaimimina, akazungusha gunzi mdomoni, akakanda udongo, akazibia. Nikangoja aweke gumba lake. Akanisogezea kibuyu.

"Weka wewe. Nani atakuja kukufungulia kutoka Kate?"

Nikabonyeza kidole gumba kwenye udongo mbichi. Akainama kuangalia, akasonya.

"Unabonyeza kama mgeni. Umefanya miaka miwili kwa hasira, leo umeipeleka wapi?"

Nikabonyeza tena.

"Haya," akasema, akaanza kumtafuta mtoto amuage. "Hapo ni pako."